Katoni 60 au Baiskeli 120? Jinsi Kompyuta za Biashara Zinavyosemezana

Nataka kuwaeleza jambo moja ambalo kwanza nililijua kwa hasara, kisha nikalisoma vitabuni. Jambo lenyewe ni hili: jinsi kompyuta ya mfanya biashara mmoja inavyoweza kuzungumza na kompyuta ya mwenziwe, bila mtu kukaa katikati na kunakili.

Baba yangu mdogo ana duka la baiskeli na vipuri huko Buyenzi, hapa Bujumbura. Yeye ndiye anilipiaye karo ya shule tangu baba yangu alipofariki. Miaka miwili iliyopita aliagiza baiskeli 120 kutoka ng'ambo. Zilifika salama bandarini Dar es Salaam, zikapakiwa katika lori, na lori likaanza safari ya zaidi ya kilomita 1,500 kuja kwetu. Lilipofika mpakani likasimamishwa. Kwa nini? Kwa sababu tamko la forodha (ile ambayo wengi wetu mjini huiita duane) lilisema 120, na orodha aliyoichukua dereva ilisema 60.

Wakubwa wa mpakani walifanya kazi yao tu, maana hati mbili zisizopatana ni dalili ya mwizi. Lakini hapakuwa na mwizi. Karani mmoja alihesabu katoni, na kila katoni ilikuwa na baiskeli mbili. Karani wa pili alihesabu baiskeli zenyewe. Wote wawili walisema kweli. Hata hivyo lori lilisimama siku 11, mwenye lori akadai malipo ya kungoja, na faida yote ikaishia njiani. Muhula ule karo yangu ilichelewa, nami nikakosa masomo ya majuma mawili.

Nilimwuliza baba mdogo, "Baba, siku hizi si kuna kompyuta? Mbona hazikuambiana?" Akanijibu, "Mwanangu, kompyuta zilikuwapo. Moja iliandika 60, na nyingine iliandika 120." Jibu hilo halikunitoka moyoni, na somo langu lote la leo limo humo.

Mapatano hutangulia chombo

Wazee wetu hawakuwa na kompyuta, lakini walijua kwamba biashara ya watu watokao mbali haiendi pasipo mapatano. Katika karne ya 19 soko la Ujiji lilikuwa na shanga zilizoitwa sofi, nazo zilipokewa kama fedha. Mgeni aliyekuja na nguo alizibadili kwanza kwa sofi, kisha akaingia sokoni kununua samaki na unga. Wauzaji walikuwa watu wa makabila mengi, lakini kwa bei walikuwa na lugha moja.

Tutazame mfano wa pili. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914. Mwaka 1921 Uingereza na Ubelgiji zilipatana kwamba mizigo ya Kongo na ya Ruanda-Urundi ipite Tanganyika bila kutozwa ushuru, na Wabelgiji wakapewa mahali pao bandarini Dar es Salaam na Kigoma kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka. Mahali hapo pakaitwa Belbase. Basi mzigo wa Usumbura, ndilo jina la zamani la mji wetu, ulishushwa melini Dar es Salaam, ukapanda gari la moshi hadi Kigoma, ukavuka Ziwa Tanganyika. Reli ilikuwapo kabla ya mapatano hayo, lakini reli huchukua mzigo tu. Haiwezi kuamua nani atoze ushuru, na wapi.

Mfano wa tatu ni wa Ulaya. Mwaka 1948 Warusi walizifunga njia za barabara na za reli za kuingia Berlin ya Magharibi. Wamarekani na Waingereza wakaupelekea mji ule chakula na makaa kwa ndege mpaka mwaka 1949, zaidi ya tani milioni 2. Shida yao haikuwa ndege tu. Orodha za mizigo zilikuja kwa namna nyingi na kwa lugha mbalimbali, na makarani walichanganyikiwa. Mwanajeshi mmoja wa Kimarekani, Edward Guilbert, pamoja na wenziwe, walitunga namna moja ya orodha iliyoweza kupelekwa kwa teleksi, kwa simu au kwa redio, na kila kituo kikaielewa. Wenye elimu hii huihesabu kazi ile kuwa mwanzo wa kupelekeana hati za biashara kwa mitambo.

Kompyuta zilipoenea, kazi hiyo ilihamia kwake. Mwaka 1987 zilikubaliwa kanuni za Umoja wa Mataifa ziitwazo EDIFACT, zinazoonyesha jinsi agizo, ankara na orodha ya mzigo ziandikwavyo ili kompyuta izisome. Lakini kuzitumia kulitaka njia za simu za kulipia, programu za bei kubwa na mafundi. Makampuni makubwa yaliweza. Mwenye duka la baiskeli hakuweza. Ndipo ikaja intaneti, barabara ambayo kila mtu aweza kuipita. Mwaka 1998 ikatolewa kanuni ya XML, namna ya kuandika ujumbe kwa maneno yenye vichwa vyake, na kuanzia mwaka 2000 hivi zikaenea huduma za wavuti.

Tovuti ni dirisha, huduma ya wavuti ni mlango wa nyuma

Wengi wetu twaijua tovuti. Unaifungua, unaona picha na maandishi, unasoma kwa macho. Tovuti ni kama dirisha la duka lililopambwa kwa ajili ya wapita njia. Huduma ya wavuti si kwa macho ya watu. Ni kama mlango wa nyuma wa duka hilo hilo, ambapo lori huleta na kuchukua mizigo. Hapana mapambo, bali pana kanuni. Anayegonga ni kompyuta, na anayefungua ni kompyuta.

Ili milango hiyo miwili ielewane, yapasa mambo manne yapatanwe kabla.

Kwanza, ni maombi gani yanayokubaliwa. Kompyuta ya mwuzaji yaweza kusema, "Mimi najua kujibu maneno matatu tu: bei gani, nipokee agizo, na mzigo uko wapi." Ukiuliza la nne, haitajua.

Pili, ujumbe uandikwe namna gani. Hapa ndipo shida ya baba mdogo ilipokaa, nami nitarudi hapo.

Tatu, nani anayegonga. Kila mmoja hupewa jina na neno la siri, au muhuri wa siri, ili adui asilete agizo la uongo kwa jina la mwingine.

Nne, jibu litakuwaje, hata jibu la kukataa. Mwanafunzi mwema haridhiki na kosa lililopigiwa mstari mwekundu tu. Ataka kujua amekosa nini. Kompyuta nayo yafaa iambiwe: "Nimekataa kwa kuwa uzito haukuandikwa."

Tazameni sasa mfano huu mdogo wa ujumbe. Nimeuandika kwa Kiswahili ili tuelewane, ingawa katika kazi yenyewe vichwa vya maneno huwa vya lugha nyingine:

Namba ya ujumbe: 0047
Tarehe: 2024-04-03
Bidhaa: 8712
Vifurushi: katoni 60
Vipande: 120
Bandari ya kuingilia: TZDAR
Mwisho wa safari: BIBJM

Tarehe imeandikwa mwaka kwanza, kisha mwezi, kisha siku. Mmarekani akiona 3/4 husoma tarehe 4 Machi. Sisi husoma tarehe 3 Aprili. Kwa namna hii hapana ugomvi. Bidhaa 8712 ni baiskeli zisizo na injini. Vipuri vyake vina 8714. Namba hizo zatoka katika orodha ya mataifa ya kupanga bidhaa, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 1988. Kahawa yetu, iwe mbichi au iliyokaangwa, ni 0901, na chai ni 0902. TZDAR ni Dar es Salaam, na BIBJM ni Bujumbura. Karani wa kwetu huandika Kifaransa, na wa Dar es Salaam huandika Kiingereza au Kiswahili, lakini 8712 haihitaji mkalimani.

Namba ya ujumbe ina kazi kubwa katika miji kama yetu ambamo umeme hukatika. Tuseme kompyuta ya baba mdogo imepeleka agizo la baiskeli 120, na taa zikazimika kabla jibu halijarudi. Je, agizo limefika au halikufika? Akinyamaza, huenda asipate kitu. Akipeleka tena, huenda akaletewa 240. Dawa yake ni kupeleka tena kwa namba ile ile. Kompyuta ya upande wa pili ikiona 0047 kwa mara ya pili, haitaandika agizo jipya, itajibu tu, "Hiyo nimekwisha kuipokea."

Tena, kupokea si kukubali. Tarishi akikupa barua ukatia sahihi, hujasema kwamba umekubali yaliyomo. Kwa hiyo mitambo mizuri hutoa majibu mawili: la kwanza "imefika", la pili "imekubaliwa" au "imekataliwa". Mfanya biashara anayelichukua jibu la kwanza kana kwamba ni la pili atalia.

Mfano wa kwetu

Msidhani mambo haya ni ya Ulaya tu. Ofisi ya Mapato ya Burundi, OBR, iliyoundwa mwaka 2009, ina mtambo wa ankara uitwao EBMS. Duka lenye programu yake ya kuandika ankara (faktire, kama tusemavyo mjini) laweza kuiunganisha na mtambo huo. Programu hujitambulisha kwa jina na neno la siri, hupeleka ankara, na mtambo hujibu. Yaweza pia kuuliza kama namba ya mlipa kodi, yaani NIF, ya mnunuzi ni ya kweli. Hiyo ndiyo huduma ya wavuti, na mambo yale manne yote yamo.

Mfano mkubwa zaidi ni forodha. Nchi yetu iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 1 Julai 2007. Hapo zamani mzigo wa Bujumbura uliandikwa Dar es Salaam kama mzigo wa kupita njia, ukakaguliwa njiani na mpakani, kisha ukaandikwa upya ulipofika kwetu. Mambo yale yale yalinakiliwa mara nyingi, na kila kunakili ni nafasi ya kukosea. Mwaka 2014 nchi za Jumuiya zilianza kutumia Himaya Moja ya Forodha. Kwa mpango huu mwenye mzigo hutoa tamko katika nchi ya mwisho wa safari, mzigo ungali bandarini. Hulipa ushuru huko huko kwao. Kisha nchi hiyo huijulisha nchi ya bandari kwamba ushuru umelipwa, ndipo mzigo hupewa ruhusa ya kutoka.

Lakini wakati ule kila nchi ilikuwa na mtambo wake. Burundi, Rwanda na Uganda zilitumia SYDONIA World, mtambo uliotengenezwa na UNCTAD, shirika la Umoja wa Mataifa la biashara na maendeleo lililoko Geneva. Tanzania ilitumia TANCIS, na Kenya ilitumia SIMBA. Je, ilipasa wote watupe mitambo yao na kununua mmoja? Hapana. Jirani wawili hawahitaji kukaa nyumba moja ili wapelekeane moto. Hata kabla ya hapo ulikuwapo mpango ulioitwa RADDEx wa kupeleka habari za mizigo kutoka mtambo wa forodha wa nchi moja hadi wa nchi jirani. Kila mmoja hubaki na daftari yake ndani ya nyumba. Kinachopatanwa ni ule ujumbe upitao kati ya milango. Na hiyo ndiyo faida kuu ya huduma za wavuti: washirika wawili waweza kufanya kazi kama mmoja bila kuwa mmoja.

Kosa lilikuwa wapi?

Sasa narudi kwa baba mdogo. Kama mitambo hii ipo, mbona lori lake lilisimama?

Nilizitazama zile hati mbili pamoja naye, mezani, usiku. Katika tamko la forodha mna nafasi ya vifurushi na nafasi nyingine ya vipande. Nafasi hizo mbili zimetengwa na watu waliojua vizuri kwamba katoni si baiskeli. Lakini orodha aliyoichukua dereva ilikuwa na nafasi moja tu, imeandikwa "idadi". Idadi ya nini? Haikusema. Karani aliyeijaza aliona katoni mbele ya macho yake, akahesabu katoni. Tungempa kompyuta yenye kasi kuliko zote duniani, angaliandika 60 tu, na ile 60 ingalifika mpakani kwa nukta moja badala ya kufika na dereva. Ugomvi ungalikuwa ule ule, ila ungalianza mapema.

Hapa ndipo nilipoelewa kwamba kazi ya kuunganisha biashara si ya fundi wa kompyuta peke yake. Fundi aweza kuujenga mlango kwa siku chache. Kazi inayochukua miezi ni kuwakutanisha mwuzaji, wakala, mwenye lori na forodha, na kuwauliza: "Mkisema idadi, mnamaanisha nini? Mkisema uzito, ni pamoja na katoni au bila katoni? Mkisema mzigo umefika, umefika bandarini, mpakani au dukani?" Mtu hudhani maswali hayo ni ya kitoto, mpaka alipe siku 11 za lori.

Baba mdogo hakununua mtambo wowote. Alichukua karatasi moja, nami nikamsaidia kuiandika. Juu tuliandika: "Katoni 60, kila katoni baiskeli 2, jumla baiskeli 120." Chini tukaandika uzito pamoja na katoni na uzito bila katoni, namba ya bidhaa, na jina la bandari. Akaipeleka kwa mwuzaji, kwa wakala na kwa mwenye lori kabla ya kulipa kitu, akawaomba kila mmoja aandike maneno yale yale katika hati zake. Agizo lililofuata lilipita mpakani bila kusimamishwa, na karo yangu ya mwaka huu imelipwa kwa wakati wake. Siku atakapoweza kuunganisha duka lake kwa kompyuta, karatasi ile ndiyo atakayompa fundi, na nusu ya kazi itakuwa imekwisha.

Sisemi kwamba mitambo hii yaondoa kila shida. Haitengenezi barabara, wala haileti umeme. Mama auzaye ndizi sokoni hana kompyuta, naye yafaa asisahauliwe na wanaotunga kanuni. Tena mlango ukiwa wazi kwa kompyuta ya rafiki, mwizi naye ataujaribu. Kwa hiyo neno la siri la duka si la kuandikwa ukutani.

Basi, wenzangu mlio madarasani, msiseme kwamba hesabu, lugha na jiografia ni masomo ya mtihani tu. Atakayepatanisha kompyuta za Bujumbura na za Dar es Salaam ni yule ajuaye kuuliza swali lililo wazi kwa lugha zaidi ya moja. Nanyi kaka zetu mlioko maofisini na madukani, mkiona nafasi imeandikwa "idadi" tu, msiijaze kwanza. Ulizeni: idadi ya nini?

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Baba yangu mdogo alikuwa na daftari, tena mbili, lakini hazikupatana, na mali yake ikapotea habari zikiwapo.

Mwanafunzi wa darasa la mwisho, Bujumbura